Kipeo kimoja kwa miezi yote: upepo wa Kititimo kwenye grafu

Umeme wa upepo ukizungumziwa Tanzania, Kititimo mkoani Singida hutajwa mapema, pamoja na Makambako. Vipimo vilivyotangazwa, katika urefu wa mita 30, ni wastani wa mita 9.9 kwa sekunde Kititimo na 8.9 Makambako. Mitambo mikubwa ya siku hizi husimama juu zaidi, mita 90 na kuendelea, na kasi ya huko mara nyingi hukadiriwa kwa mkunjo.

Kanuni iliyozoeleka husema kasi hupanda na urefu kwa kipeo fulani, na wahandisi wengi huanzia 1/7. Kipeo hicho huufanya upepo wa mita 90 uzidi ule wa mita 30 kwa asilimia 17. Kikiwa 1/4, kwa asilimia 32. Kwa kuwa nguvu ya upepo hufuata kasi kwa kipeo cha tatu, makadirio ya nguvu yanapishana kwa zaidi ya asilimia 40. Hiyo ni tofauti ya kuua mradi.

Tuseme nguzo ina vipimaupepo viwili, mita 10 na mita 30. Kila mwezi unatoa nukta mbili za wastani, na kanuni ina vigezo viwili vya kutafuta: kasi ya chini na kipeo. Mkunjo utapita juu ya nukta zote mbili barabara, hata kama kifaa kimoja kimeharibika. Grafu inapendeza, lakini haijathibitisha chochote.

Afadhali miezi 12 ishughulikiwe kwa pamoja. Katika programu ya Origin, au kwa mistari michache ya lugha ya Python, kila mwezi huachiwa kasi yake, kipeo kikawa kimoja kwa wote. Kompyuta husaka thamani zinazopunguza jumla ya miraba ya tofauti, njia aliyoichapisha mwanahisabati Legendre mwaka 1805. Nukta ni 24, vigezo vimeshuka kutoka 24 hadi 13. Mwezi wenye kipimo kibovu sasa unaonekana, kwa sababu nukta zake zinaukataa mkunjo.

Kigezo cha kushirikiwa na miezi yote, hata hivyo, huamuliwa na anayeijua ardhi. Mchana jua huipasha moto, hewa huchanganyika, kasi za juu na chini zikakaribiana. Usiku ardhi hupoa, mchanganyiko hupungua, kipeo hupanda. Mimi ningetenganisha mchana na usiku: nukta 48, vigezo 26. Na mwezi uliopoteza wiki mbili za kumbukumbu ningeupunguzia uzito, kazi ya safu moja tu ya ziada kwenye jedwali.