TRENI YA ABIRIA KWENYE RELI YA MIZIGO



Foleni ya magari ikizidi kwenye barabara ya Jinja, watu wa Kampala huniuliza: reli si hiyo hapo, mbona treni za abiria haziongezwi? Nitajibu kama mtu wa relini.

Reli hii ilifika Kampala mwaka 1931. Ilijengwa kwa ajili ya pamba na kahawa kwenda Mombasa, siyo kumfikisha mtu kazini saa mbili asubuhi. Njia ni moja tu. Treni mbili zikikutana, moja lazima iingie pembeni stesheni na kungoja. Na treni ya mizigo kutoka Malaba haina saa. Injini ikiharibika njiani, au karatasi za forodha zikichelewa, inafika inapofika. Basi stesheni masta ana treni mbili na njia moja. Mwenye makontena hupiga simu kwa wakubwa. Abiria hunung'unika tu. Mnajua atakayengojeshwa.

Hata hivyo Desemba 2015 treni ya abiria kati ya Kampala na Namanve ilianza tena baada ya miaka mingi. Mwaka 2023 ilisimamishwa ili reli itengenezwe, ikarudi 2024. Kwa hiyo inawezekana, nisieleweke vibaya.

Lakini mataruma mapya hayatoshi. Kikwazo kinachoninyima usingizi ni vivuko. Treni ya mizigo ikipita mara chache kwa siku, watu huizoea: mama anaondoa kapu lake la nyanya relini, ikishapita anarudisha. Treni za abiria zikiwa nyingi, tena za mwendo mkali, hana nafasi hiyo. Mwaka 2014 nyumba na vibanda vingi kando ya reli Kampala vilibomolewa. Watu waliondolewa, njia zao za miguu zimebaki.

Mimi niliwahi kulinda kivuko, kibarua wa mkandarasi mmoja. Nilipewa bendera nyekundu na filimbi. Tochi nilijinunulia. Simu ya stesheni haikuwapo, hivyo nilijua treni inakuja kwa kushika reli kwa mkono. Usiku mmoja wa mvua nilisimama katikati ya barabara na bendera yangu, dereva wa teksi iliyojaa watu akanizunguka akapita. Treni ilipita nyuma yake kama hatua tano hivi. Nilitetemeka mpaka alfajiri. Mwisho wa mwezi nikakatwa siku mbili, eti sikuwa mahali pangu.

Ndiyo maana mipango ikisomwa mimi hutafuta mistari ya watu. Mabehewa yamo, majukwaa yamo. Walinzi wa vivuko sioni. Kivuko kinachofanya kazi kutoka saa kumi na moja alfajiri hadi saa tatu usiku kinahitaji watu watatu walioajiriwa, maana mtu huugua na huenda likizo. Na dereva aliyeendesha mizigo usiku kucha asipewe abiria wa asubuhi kwa sababu mwenzake hayupo.

Makatibu wa matawi yaliyo kando ya reli, nileteeni kabla ya mwisho wa mwezi hesabu ya vivuko vyenu: vyenye geti, visivyo na geti, nani yupo zamu ya usiku, na analipwa na nani.