Damu Iliyovunja Rekodi

Mmoja wa wanamichezo wenye damu ya ajabu zaidi waliopata kuandikwa hakutoka Iten ya Kenya wala Addis Ababa. Alitoka Finland, mbali na milima mirefu. Eero Mäntyranta alitwaa medali 7 za Olimpiki ya majira ya baridi, 3 zikiwa za dhahabu, na huko Innsbruck mwaka 1964 alishinda kilomita 15 za kuteleza kwenye theluji kwa tofauti ya sekunde 40. Wengi walimshuku kwa udanganyifu. Mwaka 1993 wanasayansi walitoa jibu: ukoo wake ulikuwa na badiliko la jeni lililoufanya mwili uitikie kupita kiasi EPO, ile homoni ya figo inayouamuru uboho utengeneze chembe nyekundu. Hemoglobini yake, ile inayobeba oksijeni damuni, ilizidi ya mtu wa kawaida kwa hadi nusu.

Alichorithi yeye, wenzake hukipandia mlimani. Huko juu kanieneo ya hewa ni ndogo, oksijeni haiingii damuni vizuri, na figo huongeza EPO ndani ya saa chache tu. Chembe zenyewe huchukua wiki kadhaa. Wa kwanza kuhesabu ongezeko hilo mlimani alikuwa Mfaransa François Viault, mwaka 1890, kwenye machimbo ya Morococha nchini Peru: zilipanda kutoka milioni 5 hadi zaidi ya milioni 7 kwa kila milimita ya ujazo.

Olimpiki ya majira ya joto iliyofanyika juu kuliko zote ni ya Mexico City, 1968, mita 2,240. Bob Beamon aliruka mita 8.90 katika kuruka mbali, ila yeye asituchanganye: hewa nyepesi ilipunguza ukinzani, damu haikuhusika. Damu ilisema kwenye mbio ndefu. Ron Clarke wa Australia, mshikilia rekodi ya dunia ya mita 10,000, alimaliza wa sita akaanguka na kuwekewa oksijeni. Naftali Temu alishinda, dhahabu ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki. Mkenya mwenzake Kipchoge Keino naye akamwacha Mmarekani Jim Ryun karibu sekunde 3 katika mita 1,500. Kuanzia mbio hizo hadi marathoni, dhahabu zote za wanaume zilikwenda Afrika.

Utafiti uliobadilisha kambi nyingi za mazoezi ulitoka Marekani mwaka 1997. Benjamin Levine na James Stray-Gundersen waliwalaza wakimbiaji mita 2,500 na kuwashusha mita 1,250 kufanya mazoezi makali. Baada ya wiki 4 chembe nyekundu ziliongezeka kwa takriban asilimia 9, na muda wa mita 5,000 ukapungua kama sekunde 13. Lala juu, kimbia chini.

Je, ukipanda zaidi utapata zaidi? La Rinconada, Peru, mji ulio juu kuliko yote duniani wenye wakazi wa kudumu, uko mita 5,100 hivi. Damu za wengi huko zimekuwa nzito mno hata zikawa ugonjwa: kichwa kuuma, kukosa pumzi, moyo kulemewa. Watibeti nao wameishi juu kwa maelfu ya miaka, lakini hemoglobini yao mara nyingi ni ya kawaida tu.

Hata Wakenya huvunja hesabu. Wakimbiaji wao hodari walipopimwa Ujerumani, jumla ya hemoglobini yao haikuzidi ya Wajerumani wa kiwango chao. Na ilipopungua kwa kukaa huko nyanda za chini, kasi haikupungua. Kwa maoni yangu, anayemweleza bingwa wa Bonde la Ufa kwa damu pekee amesahau miguu, mafunzo na ushindani wa kila asubuhi.

Unayejiandaa kwenda kambini Iten, pima kwanza akiba yako ya madini ya chuma. Ikiwa ndogo, uboho hautakuwa na cha kutengenezea hemoglobini, hata ukikaa huko miezi.