Maksai wa Karnivali: Sherehe ya Paris Katika Picha ya Chapa

Miongoni mwa picha za chapa zilizouzwa kwa bei nafuu nchini Ufaransa katika karne ya 19, zile za msafara wa maksai aliyenona zinastahili kutazamwa kwa utulivu, kwa kuwa zimehifadhi shamrashamra za karnivali ya Paris, yaani siku za kula, kunywa na kujibadili sura kabla ya Jumatano ya Majivu, ambapo Wakatoliki huanza mfungo wa Kwaresima na ambapo zamani mabucha yalikosa wateja. Ndiyo maana wenye sherehe walikuwa wachinjaji. Walimtembeza mitaani maksai mnene kupita wote, pembe zake zimepakwa rangi ya dhahabu na shingo imevishwa maua, huku wao wenyewe wamevaa kama askari wa Kirumi au Waturuki, na garini ameketi mtoto mwenye mabawa ya Cupid, mungu wa mapenzi wa Warumi. Msafara huo, uliokomeshwa wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, ulirejeshwa mwaka 1805 chini ya Napoleon, na maksai wa mwaka 1845 aliitwa Père Goriot, jina la riwaya ya mwandishi Balzac.

Picha nyingi za aina hiyo zilichapwa kwa litografia, ufundi uliobuniwa na Alois Senefelder huko Ujerumani mwishoni mwa karne ya 18, ambapo mchoraji huchora kinyumenyume juu ya jiwe la chokaa kwa kalamu yenye mafuta, kisha jiwe hulowanishwa, na wino hushika pale penye mafuta tu. Katika mji wa Épinal, kwenye kiwanda cha Pellerin kilichoanzishwa mwaka 1796, rangi zilipakwa kwa brashi kupitia bamba lililotobolewa, na ukiikaribia karatasi utaona wekundu wa vazi umevuka mstari na kumwagikia mkono wa jirani.

Uhai wa picha hizo, hata hivyo, hautokani na rangi pekee. Aliyesimama barabarani aliona kipande kimoja cha msafara kikipita, kisha kingine. Mchoraji aliupanga wote kwa safu, ngoma, farasi na gari, hata mwanakijiji ambaye hakuwahi kufika Paris akauona mzima. Jambo moja tu aliliacha nje ya karatasi: sherehe ilipokwisha, maksai alipelekwa machinjioni.