"Terror" si "teroras": Kwa nini hofu ya Kiingereza inawasumbua watafsiri wa Kilithuania

Kwenye filamu ya kutisha, mtoto anachomoka mbio kutoka chumba cha chini ya nyumba, anamkumbatia mama yake na kusema kwa Kiingereza: "I was scared." Maneno matatu tu, ya darasa la nne. Lakini mtu anayeandika tafsiri ya Kilithuania chini ya skrini hawezi kuendelea mpaka ajibu swali moja: mtoto alikuwa akiogopa muda wote aliokaa kule chini, au alishtushwa na kitu ghafla?

Kama ni muda wote, Kilithuania kinasema "bijojau". Kama ni mshtuko wa mara moja, ni "išsigandau". Ukikosea hapo, mtazamaji wa Vilnius au Kaunas anasoma habari tofauti na ile aliyoiona kwa macho yake sekunde tano zilizopita.

Msemaji wa Kiswahili halioni hilo kuwa ajabu. "Niliogopa" na "nilishtuka" ni vitu viwili, hata mtoto anajua. Kiingereza ndicho kinachoziweka hali zote mbili kwenye kapu moja na kumwachia msikilizaji achambue mwenyewe.

Na kazi hii haikwepeki. Sheria ya lugha ya taifa ya Lithuania ya mwaka 1995 inataka filamu za kigeni zinazoonyeshwa hadharani zitafsiriwe au ziwe na maandishi ya Kilithuania. Sinema hutumia maandishi. Kwenye televisheni, mara nyingi ni sauti ya msomaji mmoja anayesoma maneno ya wahusika wote, mwanamke, mwanamume, mtoto na jini, huku sauti za asili zikisikika kwa mbali nyuma yake. Wanaofuatilia filamu zilizotiwa sauti ya Kiswahili kwenye mabanda ya video watauelewa mtindo huo, ila msomaji wa Lithuania hatii chumvi wala kupiga kelele. Anasoma kwa utulivu hata pale mtu anapokatwa shoka. Kwa hiyo mzigo wote wa kutisha unabebwa na neno lenyewe.

Neno lililochoka

Filamu za kutisha kwa Kilithuania zinaitwa "siaubo filmai". Mzizi ni "siaubas", na ndilo neno la kwanza linalokuja kichwani mtafsiri akikutana na "horror". Hapo hakuna ubishi.

Shida ni kwamba "siaubas" limeshatembea sana mitaani. Mtu akiona bei dukani anasema "siaubas!" Akiona foleni, "siaubas!" Ni kama "balaa" ya Kiswahili: inaweza kuwa msiba wa kweli, inaweza kuwa matope barabarani. Neno lingine, "baisiai", linalotokana na kutisha, limegeuka kuwa "sana" tu, kiasi kwamba chakula kinaweza kuwa kitamu kwa namna "ya kutisha". Vijana wa Dar es Salaam wanaosema kitu ni kizuri "hatari" wanajua jinsi inavyokuwa.

Sasa mtafsiri anayetaka mtazamaji atetemeke kweli anatafuta neno ambalo halijachakaa. Kuna "šiurpas", ambalo liko mwilini kabisa: ule msisimko unaokimbia mgongoni, ngozi ikakwaruza na vinyweleo vikasimama. Kuna "kraupus", la kuelezea mambo ya kuchukiza kama maiti iliyoharibiwa. Na kuna "klaikus", lenye giza zaidi, la mahali palipo tupu panapomfanya mtu atake kugeuka arudi alikotoka.

Inafurahisha kwamba "šiurpas" liko karibu na asili ya "horror" kuliko "siaubas". Neno la Kiingereza limetoka Kilatini, kwenye kitenzi chenye maana ya kusimama kwa nywele. Waingereza wengi wameshasahau nywele hizo. Walithuania bado wanazo kwenye neno lao.

Neno lenye makaburi

Mtego mkubwa kuliko yote ni "terror". Kilithuania kina "teroras", linafanana kabisa, na mtafsiri mwenye haraka (au programu ya simu) anaweza kulidaka bila kufikiri. Lakini "teroras" si hofu anayoisikia mtu mlango ukijifungua wenyewe usiku. Ni vitisho vya kisiasa, vya dola au kundi lenye silaha dhidi ya watu.

Na kwa nchi hiyo, hilo si neno la kamusi tu. Muungano wa Kisovieti uliitwaa Lithuania mwaka 1940. Kuanzia Juni 14, 1941, ndani ya siku chache, watu wapatao 17,000 walitolewa majumbani mwao, wakapakiwa kwenye mabehewa na kupelekwa Siberia na maeneo mengine ya mbali. Wanazi waliingia mwezi huohuo, na kufikia mwisho wa vita zaidi ya asilimia 90 ya Wayahudi wa Lithuania walikuwa wameuawa. Kisha Wasovieti wakarudi, na uhamisho wa nguvu ukaendelea. Juni 14 ni siku ya maombolezo na matumaini hadi leo, na jengo la Vilnius lililokuwa makao ya KGB sasa ni makumbusho.

Ukiandika basi kwamba msichana kwenye filamu ya mizimu amejaa "teroras", sentensi inachekesha kwa msomaji mmoja na kumkera mwingine ambaye bibi yake alipanda behewa lile. Kiswahili kilijiokoa na mtego huo kwa kuwa na "ugaidi" upande mmoja na "hofu" upande mwingine, maneno yasiyofanana hata herufi.

Lakini ukilikataa "teroras", unabaki na nini? Mara nyingi unarudi kwa "siaubas", na hapo "terror" na "horror" zinakuwa kitu kimoja. Kwenye filamu nyingi haidhuru. Inadhuru pale mwandishi anapozitenganisha kwa makusudi.

Ann Radcliffe, mwandishi wa Kiingereza wa riwaya za kutisha, alifanya hivyo kwenye insha iliyotoka mwaka 1826, baada ya kifo chake. Kwake, "terror" inaikunjua roho na kuiamsha, ilhali "horror" inaikunja na kuigandisha. Ya kwanza ni pale hujakiona kitu ila unajua kipo. Ya pili ni pale umekiona. Stephen King alirudi kwenye mgawanyo kama huo katika kitabu chake cha mwaka 1981 kuhusu fasihi na filamu za kutisha, akaiweka "terror" juu, "horror" chini yake, na kichefuchefu mwisho.

Kilithuania hakina maneno mawili yaliyokwisha kugawana kazi hiyo. Mtafsiri anaweza kuongeza sifa: "klaiki baimė" kwa ile hofu ya kusubiri gizani, "stingdantis siaubas" kwa ile inayomkausha mtu akasimama kama mti. Inafanya kazi, ingawa neno moja limekuwa mawili, na kwenye maandishi ya skrini nafasi ni ndogo.

King ameleta kichwa kingine cha kuumiza: riwaya yake "It". Kwa Kiingereza, neno hilo linatisha kwa sababu halisemi lolote: si mwanamume, si mwanamke, ni kitu. Nomino za Kilithuania ni za kiume au za kike. Kitabu kinajulikana huko kwa jina "Tas", yaani "yule" au "ule" wa kiume. Kiswahili kingekwama vilevile: "kile", "lile" au "yule"? Ukichagua ngeli tu, umeshamwambia msomaji zimwi ni la aina gani.

Mbele ya daktari

Hayo ni ya filamu. Lakini baada ya Lithuania kuingia Umoja wa Ulaya mwaka 2004, Walithuania wengi walihamia Uingereza, na baadhi yao wanahitaji mkalimani wanapokwenda kwa daktari. Hapo maneno haya haya yanageuka kuwa dalili.

Kitenzi "bijoti", kuogopa, kwa kawaida hudai kitu kinachoogopwa: mbwa, giza, mume. Mgonjwa akisema ana "baimė", daktari ana haki ya kuuliza ya nini. "Nerimas" ni tofauti. Limejengwa kwa "ne", ya kukanusha, na mzizi wa kutulia. Ni kutotulia, hata kama hakuna cha kuogopa, na ndilo linalotumika hospitalini kwa matatizo ya wasiwasi. Mkalimani anayesema tu "she is afraid" kwa yote mawili anaweza kumfanya daktari amtafute mtu anayemtisha mgonjwa nyumbani, wakati hayupo. Au kinyume chake, ambacho ni kibaya zaidi: yupo, na daktari akaandika dawa za wasiwasi.

Na kuna hofu ambayo si hofu. Mtu wa mapokezi akisema "I'm afraid the doctor is away", haogopi chochote, anaomba radhi kwa adabu. Kilithuania kina neno fupi kwa hilo, "deja", sawa na "kwa bahati mbaya". Mkalimani akitafsiri neno kwa neno, mgonjwa aliyekuja na presha yake anaambiwa kwamba hata wafanyakazi wa hospitali wameingiwa na woga.