Muziki uliobanwa: Je, sikio hupoteza nini?

MASHABIKI wa muziki wamevutana kwa miaka mingi kuhusu suala moja: je, wimbo uliobanwa kwa mtindo wa MP3 una sauti nzuri sawa na ule uliohifadhiwa bila kupunguzwa chochote? Wapo wanaoapa kwamba MP3 imeua ladha ya muziki, ilhali wengine hushikilia kuwa tofauti hiyo imo tu vichwani mwa wenye spika za bei ghali.

Mzozo wenyewe unatokana na jinsi sauti inavyogeuzwa kuwa tarakimu. Katika diski ya CD, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1982, sauti hupimwa mara 44,100 kila sekunde na kila kipimo huandikwa kwa biti 16. Kwa kuwa kuna mikondo miwili, wa kushoto na wa kulia, sekunde moja ya muziki huhitaji takriban kilobiti 1,411. Wimbo wa dakika nne basi hufikia megabaiti 42. Enzi ambapo intaneti ilipitia nyaya za simu, kupakua mzigo kama huo ilikuwa adhabu.

Watafiti wa taasisi ya Fraunhofer mjini Erlangen, Ujerumani, akiwemo Karlheinz Brandenburg, walitafuta suluhu katika udhaifu wa sikio lenyewe. Ngoma inaporindima, mlio hafifu ulio karibu nayo humezwa, na msikilizaji hajui kamwe kwamba ulikuwepo. MP3 huutupa mlio huo, au huuandika kijuujuu. Sauti nyembamba mno, ambazo watu wengi wa makamo hawazisikii tena, nazo hukatwa. Kwa kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde, wimbo wetu wa megabaiti 42 husalia na takriban megabaiti nne.

Mtindo wa FLAC, uliotolewa mwaka wa 2001, hufuata njia nyingine. Huo ni sawa na kukunja kanzu ili iingie sandukuni: ikikunjuliwa, hakuna uzi uliopungua. Ila sanduku lazima liwe kubwa, kwani faili ya FLAC aghalabu hubaki na nusu au zaidi ya uzito wa awali. MP3 ni fundi aliyekata pindo na kulitupa.

Je, pindo hilo huonekana? Njia ya haki ya kupima ni kumchezea mtu nakala zote mbili bila kumwambia ipi ni ipi, kisha kurudia mara nyingi ili kuondoa bahati nasibu. Brandenburg alitumia wimbo wa Suzanne Vega, Tom's Diner, unaoimbwa bila ala yoyote, maadamu sauti ya mtu mmoja haina pa kujificha. Katika kilobiti 128, hasa kwa programu za zamani, wengi hung'amua kasoro: matoazi husikika kama maji yanayochuruzika, na makofi hupoteza ukali wake. Lakini katika 256 au 320, wasikilizaji wengi hubahatisha tu, hata wakiwa na vifaa bora.

Kwa hivyo, anayejigamba kusikia tofauti hiyo akiwa ndani ya matatu, injini ikinguruma, anajidanganya. Kampuni ya Apple ilianza kutoa muziki usiopunguzwa mwaka wa 2021 na Spotify ikafuata mwaka wa 2025, lakini wateja wengi huusikiliza kwa vifaa vya masikioni vya Bluetooth, ambavyo kwa kawaida huibana sauti tena hewani!

Hasara ya kweli imo katika kunakili. Kila MP3 inapofunguliwa, ikahaririwa na kuhifadhiwa upya kwa mtindo uo huo, hukatwa tena. Kuigeuza ya 128 kuwa ya 320, au hata kuwa FLAC, huongeza uzito wa faili tu, kilichotupwa hakirudi.

Jambo hili linatuhusu moja kwa moja. Zipo santuri za benga na taarab za miaka ya 1970 ambazo kanda zake asilia zilipotea, na nakala iliyosalia imo katika kabati la familia fulani. Santuri hiyo ikipelekwa kwa mtaalamu, akairekodi kwa MP3 ya kilobiti 128, kisha ikavunjika, basi vizazi vijavyo vitarithi pindo lililokatwa. Mwenye santuri na adai faili ya WAV au FLAC kwanza, halafu atoe humo MP3 za kutia kwenye rununu na kugawia jamaa. Gharama ya nafasi si kisingizio tena: flashi ya gigabaiti 32 hubeba takriban saa 50 za muziki wa kiwango cha CD, bila kubanwa hata chembe.