RILEI, MLINZI WA NJIA YA UMEME

Wakati wa mvua za masika watu wengi, wa mashambani na wa mijini, wamepata kuona jambo hili: taa huzimika ghafula, na kabla mtu hajapata kiberiti huwaka tena, kisha huzimika, huwaka, na mwisho huzimika kabisa hata kesho yake. Wako wasemao kwamba kuna mtu kituoni anayechezea swichi. Sivyo. Kazi hiyo ni ya chombo kiitwacho rilei, ambacho mtu aweza kukibeba kwa mikono miwili, ingawa hulinda njia yenye nguzo mamia kwa mamia.

Umeme ufikapo katika kituo kidogo cha wilaya hupunguzwa nguvu na transfoma kubwa, kisha hugawanywa katika njia kadhaa. Katika Kenya njia nyingi za namna hii huchukua volti 11,000 au 33,000, na kila njia itokayo kituoni ina swichi kubwa yake na rilei yake. Yafaa kuvitofautisha vyombo hivi viwili. Swichi ina nguvu za kukata mkondo mkubwa, lakini haijui wakati wa kukata. Rilei haikati kitu, bali hutazama, hupima, na kutoa amri.

Mkondo wote wa njia ungepita katika rilei, ingeungua mara moja. Basi huwekwa transfoma ndogo za kupimia, ambazo hugeuza, mathalan, ampea 400 ziwe ampea moja tu, na kwa hiyo moja rilei hujua habari za zile mia nne. Rilei za zamani zilikuwa na kisahani cha alumini kilichozungushwa kwa nguvu za sumaku: mkondo ulipozidi, kisahani kilikwenda mbio zaidi. Za siku hizi ni kompyuta ndogo; Edmund Schweitzer wa Marekani alianza kuuza rilei ya namna hiyo mwaka 1984.

Shida kubwa si kuuona mkondo uliozidi, bali ni kuamua kungoja muda gani. Mota kubwa za kiwandani zinapoanza kuzunguka huvuta mkondo mara kadhaa kupita kawaida yake, na hiyo si hitilafu. Rilei ikiwa na haraka kupita kiasi, watu watakosa umeme bila sababu. Ikiwa nzito, waya zitayeyuka na transfoma itaungua. Kwa hiyo hupangwa kwamba hitilafu kubwa ikatwe upesi na ndogo ingojewe. Tuseme rilei imewekwa ianze kuhesabu mkondo upitapo ampea 400. Kwa mpango mmoja utumikao sana, ampea 800 zitangojewa kama sekunde moja, lakini ampea 4,000 hazitangojewa hata theluthi moja ya sekunde. Rilei iliyo nyuma yake, karibu zaidi na chanzo cha umeme, huwekwa ingoje zaidi kidogo, ili ile iliyo karibu na hitilafu ikate kwanza.

Tena, rilei hujumlisha mikondo ya waya zote tatu. Mambo yakiwa sawa, uendao kwa waya moja hurudi kwa nyingine, wala hakibaki kitu. Kikibaki, maana yake umeme unavujia ardhini. Pengine mti umeegemea waya, au kikombe cha kauri juu ya nguzo kimepasuka. Hapo rilei hutoa amri hata kama kilichovuja ni makumi ya ampea tu.

Amri yenyewe hupelekwa kwa umeme wa betri, kwa kuwa saa ya hatari ndiyo saa ambayo umeme wa njia hudhoofika. Wakati wote rilei hupitisha mkondo mdogo sana katika waya za kufungulia swichi, ili ijue kama zi nzima. Zikikatika, huwapa mafundi ishara. Na swichi ikiamriwa isitii, rilei huiamuru ile ya nyuma kabla nusu sekunde haijapita.

Sasa turudie zile taa. Hitilafu nyingi za njia za juu ya nguzo ni za kupita tu: radi, tawi, au ndege. Kwa sababu hiyo rilei nyingi huagizwa kurudisha umeme baada ya muda mfupi, kujaribu kama hitilafu imeondoka. Ikiwa bado ipo, hukata tena, na baada ya majaribio yaliyowekwa huiacha njia bila umeme mpaka mafundi waje.

Hapa ndipo penye hatari. Waya iliyoanguka na kudhaniwa imekufa yaweza kurudishiwa umeme baada ya sekunde chache, wala rilei haijui kwamba mtoto amesimama kando yake. Vilevile waya ikianguka juu ya mchanga mkavu, mawe au lami, umeme uvujao waweza kuwa mdogo hata rilei isiutambue kamwe, na waya ikalala pale kimya ina volti 11,000. Watu na mifugo wakae mbali, mita 10 au zaidi, na asiwepo wa kuisogeza hata kwa fimbo. Ardhi yenyewe iliyo karibu yaweza kuwa na umeme; aliyejikuta hapo aondoke kwa kuburura nyayo, miguu ikiwa pamoja, kisha kampuni ya umeme ipewe habari.

Mafundi nao hawaitegemei rilei katika jambo hili. Kwanza husoma kumbukumbu zake: saa ya hitilafu, ni waya ipi, na ampea ngapi; na kwa hesabu yake hujua kama watafute karibu na kituo au kilomita nyingi mbele. Kisha huondoa ile amri ya kurudisha umeme, hufungua swichi na kuitia kufuli, huipima njia, na kuziunga waya zote na ardhi. Ndipo mtu hupanda nguzo.