Behewa Moja Kutoka Seti Mbili: Somo la Vipimo

Watoto wengi wa Mwanza hutengeneza magari ya kuchezea kwa kopo la bati, vizibo vya soda, waya na kipande cha kandambili. Kazi hiyo huonekana kuwa mchezo tu, lakini ndani yake mna mwanzo wa uhandisi: kuchukua sehemu zilizotengenezwa kwa kazi nyingine, kuzipima, na kuzifanya zitumike pamoja. Katika makala haya tutaeleza jambo la jamii hiyo hiyo, yaani namna ya kuunganisha seti mbili za vitofali vya kuchezea ili kupata behewa jipya la garimoshi. Msomaji ataona kwamba kanuni zinazohusika ni zile zile zinazotawala reli ya kweli ifikayo ziwani.

Kwa nini vitofali hushikana

Vitofali vya plastiki vinavyojulikana zaidi duniani ni vya LEGO, kiwanda cha mji wa Billund, nchini Denmark. Hati ya kulinda uvumbuzi wa namna vinavyoshikana iliombwa mwaka 1958. Juu ya kitofali mna vinundu, na chini yake mna mirija. Kinundu huingia kwa kubana kati ya mrija na ukuta wa kitofali cha juu. Msuguano ndio unaovishikilia, bila gundi wala msumari.

Umbali kati ya kitovu cha kinundu kimoja na cha jirani yake ni milimita 8. Kimo cha kitofali ni milimita 9.6, na kimo cha kibao chembamba ni milimita 3.2, kwa hiyo vibao vitatu vikipangwa hulingana na kitofali kimoja. Kwa kuwa vipimo hivi havikubadilishwa, kitofali cha mwaka 1958 hushikana na cha leo. Hii ndiyo siri yote ya kuchanganya seti: aliyetengeneza seti ya kwanza na aliyetengeneza ya pili walikubaliana juu ya kipimo kabla mnunuzi hajafungua boksi.

Kurefusha behewa

Tuseme mwanafunzi ana mabehewa mawili mafupi yanayofanana, naye ataka behewa moja refu la abiria. Huondoa kuta za mwisho zinazokabiliana, huondoa magurudumu ya katikati, kisha huunganisha sakafu mbili. Hapa hapana budi afuate kanuni ya fundi mwashi: viungo vya safu moja visikae juu ya viungo vya safu iliyo chini yake. Vitofali vikipishana, uzito husambaa; visipopishana, behewa litavunjika katikati litakapoinuliwa.

Jambo la pili ni bogi, yaani kigari kidogo chenye magurudumu kinachobeba kila upande wa behewa. Bogi lazima ishikwe kwa pini moja tu ili iweze kugeuka. Ikifungwa kwa vinundu vinne haitageuka, na magurudumu yataacha reli kwenye kona ya kwanza.

Jambo la tatu ndilo linalowashinda wengi. Behewa ni mstari mnyoofu unaopita juu ya njia iliyopinda. Ncha zake za bogi hufuata reli, bali sehemu ya katikati husogea kuelekea upande wa ndani wa kona. Tukiita umbali kati ya pini mbili za bogi L, nusu kipenyo cha kona R, na msogeo wa katikati d, kanuni ya Pithagorasi hutupatia takriban:

d = L² ÷ 8R

Kona ya kawaida ya reli za LEGO ina nusu kipenyo cha vinundu 40, yaani milimita 320. Behewa fupi ambalo pini zake zimeachana kwa vinundu 12, yaani milimita 96, litasogea milimita 3.6 tu. Behewa refu ambalo pini zake zimeachana kwa vinundu 24, yaani milimita 192, litasogea zaidi ya milimita 14. Urefu umeongezeka mara mbili, lakini msogeo umeongezeka mara nne. Ndiyo sababu behewa linalopita vizuri kwenye njia iliyonyooka hugonga nguzo ya stesheni liingiapo konani. Wahandisi wa reli za kweli hupiga hesabu hiyo hiyo wanapoamua ukingo wa jukwaa uwe mbali kiasi gani na njia.

Viungo na behewa la kati

Mabehewa ya LEGO ya miaka ya mwanzo yaliunganishwa kwa kulabu. Ya baadaye huunganishwa kwa sumaku. Kulabu haishikani na sumaku, ingawa vitofali vyote vinashikana. Mwanafunzi mwenye mabehewa ya vizazi viwili anaweza kutengeneza behewa la kati, lenye kulabu upande mmoja na sumaku upande wa pili. Akumbuke pia kwamba ncha za sumaku zinazofanana husukumana. Behewa likikataa kuungana, aligeuze.

Reli zetu zatufundisha nini

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, na tawi lake kutoka Tabora lilifika Mwanza mwaka 1928. Upana kati ya reli zake mbili ni milimita 1,000. Kenya na Uganda nazo zilijenga kwa kipimo hicho. Kwa sababu hiyo, katika miaka ya 1960 iliwezekana kuunda meli za kubeba mabehewa, kama MV Umoja, ambazo zina reli juu ya sitaha. Behewa husukumwa kutoka gati la Mwanza likaingia melini, likateremkia Port Bell au Kisumu, bila gunia hata moja kupakuliwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, lakini kipimo hakikuvunjika. Ndiyo maana mwaka 2018 MV Umoja iliweza tena kupeleka mabehewa Port Bell.

Sasa tutazame upande wa pili. TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976, ina upana wa milimita 1,067 ili ilingane na reli za kusini mwa Afrika. Tofauti ya milimita 67 haifiki upana wa kiganja, lakini yatosha kulizuia behewa. Njia hizi mbili hukutana Kidatu, na huko mzigo hauna budi kuhamishwa kutoka behewa moja hadi jingine. Nayo reli mpya ya kisasa, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 2017 na ujenzi wa kipande chake cha Mwanza hadi Isaka ukazinduliwa mwaka 2021, ina upana wa milimita 1,435. Kila kipimo kilichaguliwa kwa sababu yake. Hata hivyo, kila mahali vipimo viwili vinapokutana, taifa hulipa kwa muda, kwa winchi na kwa jasho la wapakiaji.

Jaribio la darasani

Shule isiyo na vitofali isikate tamaa. Chora kwenye karatasi ngumu sehemu ya duara yenye nusu kipenyo cha milimita 320. Kata vipande viwili vya boksi. Toboa kila kimoja matundu mawili, yaliyoachana milimita 96 katika cha kwanza na milimita 192 katika cha pili. Weka matundu yote mawili juu ya mstari wa duara, kisha pima umbali kati ya mstari huo na katikati ya kipande. Linganisha jibu na hesabu. Halafu mwalimu aulize: behewa la kweli ambalo pini za bogi zake zimeachana mita 12 litasogea kiasi gani kwenye kona ya nusu kipenyo cha mita 200?

Jibu ni sentimita 9. Anayeweza kulipata kwa kipande cha boksi ameanza kuelewa kazi ya mhandisi wa reli, naye atatambua kwamba kukubaliana juu ya kipimo mapema ni rahisi kuliko kurekebisha baadaye.